Okakura Kakuzo na Msingi wa Taaluma ya Sanaa ya Japani: Maisha Yake na Maana Yake kwa Songea

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Ruvuma si mgeni kwa wasomi wa Kijapani. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walifanya utafiti wa ngolo, yaani mashimo ambayo Wamatengo wa Mbinga, magharibi ya Songea, huyachimba katika miteremko ya milima yao ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kurutubisha mashamba. Utafiti huo ulifuatwa na mradi wa maendeleo ya vijijini uliosaidiwa na serikali ya Japani kuanzia mwaka 1999 hadi 2004, kituo chake kikiwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwa upande wa lugha, Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka kilianza kufundisha Kiswahili katika ngazi ya shahada mwaka 1986, na masomo hayo yakaendelea hata baada ya chuo hicho kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007.

Hivyo basi, Mjapani amekuja kwetu, amejifunza lugha yetu, ameyapima mashimo ya mashamba yetu na kuyaandikia vitabu. Swali lisiloepukika ni hili: sisi tumeichunguza Japani kwa kiasi gani? Na tukitaka kuanza, ushirikiano wa vyuo vikuu katika kuchunguza sanaa na utamaduni wa Japani ujengwe juu ya msingi gani?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuyapitia maisha ya mtu mmoja, Okakura Kakuzo, ambaye wenzake wengi humfahamu zaidi kwa lakabu yake ya Tenshin. Tumemchagua kwa sababu katika ujana wake Japani ndiyo iliyokuwa ikichunguzwa. Wageni ndio waliokuwa na viti vya uprofesa, ndio waliokuwa wakitoa istilahi, na ndio waliokuwa wakizinunua sanamu na michoro na kuipeleka kwao. Okakura alikuwa mwanafunzi na mkalimani wa mmoja wa wageni hao. Hoja yetu ni kwamba maisha yake yanaonyesha jambo moja waziwazi: ushirikiano wa kitaaluma na mgeni humfaa mwenyeji pale tu mwenyeji anapokuwa na taasisi yake, istilahi zake na sheria yake. Pasipo mambo hayo matatu, urafiki wenyewe huwa mlango wa kupotezea mali.

2.0 Malezi: mtoto wa lugha mbili

Okakura (Wajapani hutanguliza jina la ukoo) alizaliwa mwaka 1863 mjini Yokohama. Baba yake alikuwa askari wa tabaka la samurai kutoka Fukui ambaye, kwa amri ya mtawala wake, aliacha upanga akawa mfanyabiashara wa hariri katika bandari hiyo iliyokuwa imefunguliwa kwa wageni miaka minne tu kabla. Dukani walifika wateja wa Kizungu, na kwa sababu hiyo baba alimpeleka mwanawe kwa wamisionari ili ajifunze Kiingereza tangu utotoni.

Inasimuliwa kwamba siku moja baba na mtoto walisimama mbele ya kibao cha njiani kilichoandikwa Kijapani, na mtoto, aliyekuwa hodari wa Kiingereza, akashindwa kukisoma. Iwe kisa hicho kilitokea kama kinavyosimuliwa au la, yaliyofuata yanajulikana. Baada ya kufiwa na mama yake, mtoto aliwekwa katika hekalu la Kibudha, na huko akafundishwa maandishi ya Kichina na vitabu vya kale ambavyo ndivyo vilivyokuwa msingi wa elimu ya Kijapani. Tangu hapo akawa na mikono miwili ya elimu: mmoja wa Kiingereza, mwingine wa hekaluni.

Kwa mwanaisimu jambo hili lina uzito. Vijana wengi wa kizazi chake waliingia katika elimu ya kigeni kwa kuiacha ya kwao. Okakura aliingia katika zote mbili akiwa bado mtoto, na kila alilolifanya baadaye lilitegemea uwezo wa kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila ya kupoteza maana njiani.

3.0 Chuo Kikuu cha Tokyo na mwalimu mgeni

Mwaka 1875 Okakura aliingia katika chuo cha serikali mjini Tokyo ambacho mwaka 1877 kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Tokyo. Serikali ya Meiji, iliyoshika madaraka mwaka 1868, ilikuwa na haraka ya kujenga nchi ya kisasa. Iliajiri walimu kutoka Marekani na Ulaya kwa mishahara minono, na masomo mengi yalifundishwa kwa lugha zao. Miongoni mwa walimu hao alikuwamo Ernest Fenollosa, kijana kutoka Salem, Massachusetts, aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1874 na kuwasili Tokyo mwaka 1878 kufundisha falsafa na uchumi wa kisiasa.

Fenollosa hakuwa amekwenda Japani kwa ajili ya sanaa. Alipofika huko aliikuta sanaa ya nchi ile ikiwa katika hali ya kusikitisha. Amri ya mwaka 1868 ya kuitenganisha dini ya Shinto na Ubudha ilikuwa imechochea watu kuvamia mahekalu, kuvunja sanamu na kuchoma vitabu. Mahekalu yaliyonusurika yalikosa riziki, na watawa walilazimika kuuza walivyokuwa navyo. Michoro na sanamu zilizohifadhiwa kwa mamia ya miaka ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Fenollosa alianza kununua, na kadiri alivyonunua ndivyo alivyozidi kutaka kujua alichokinunua.

Hapo ndipo alipomhitaji Okakura. Mwanafunzi huyo alimfasiria maandishi yaliyokuwa juu ya michoro, alimsomea vitabu vya kale vya wasifu wa wachoraji, na kumwongoza katika mazungumzo na wenye mali. Historia nyingi humtaja Fenollosa kuwa ndiye aliyewafumbua macho Wajapani. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini imesahau mkalimani. Mgeni asingeweza kuiona sanaa ile kama taaluma bila ya mtu wa kumsomea, na mtu huyo alikuwa kijana asiyetimiza hata miaka 20.

Okakura alihitimu mwaka 1880. Inasimuliwa kwamba tasnifu yake ya kwanza ilihusu dola, na kwamba mke wake, Motoko, aliichoma moto katika ugomvi wa nyumbani, naye akalazimika kuandika nyingine upesi, mara hii juu ya sanaa. Mwaka huohuo aliajiriwa katika Wizara ya Elimu.

4.0 Neno na dhana

Kabla ya kumfuata Okakura katika kazi zake za wizarani, hatuna budi kutua kidogo juu ya suala la istilahi, kwa kuwa ndilo lililo karibu zaidi na idara kama zetu. Neno la Kijapani linalotumika leo kwa maana ya sanaa za uchoraji na uchongaji ni bijutsu. Neno hili si la kale. Liliundwa wakati serikali ilipokuwa ikijitayarisha kwa Maonyesho ya Dunia ya Vienna ya mwaka 1873, ili kufasiri istilahi ya Kijerumani iliyokuwamo katika kanuni za maonyesho. Waundaji waliunganisha mofimu mbili zenye asili ya Kichina: bi, yenye maana ya uzuri, na jutsu, yenye maana ya ustadi. Vitu vyenyewe vilikuwapo kwa zaidi ya miaka elfu. Jina la kuvikusanya mahali pamoja ndilo lililokuwa jipya.

Sasa, istilahi mpya ikishazaliwa huanza kugawa. Ni kipi kimo ndani yake na ni kipi kimo nje? Mwaka 1882 Koyama Shotaro, mchoraji wa mtindo wa Kizungu, alichapisha makala akidai kwamba hati, yaani maandishi ya kalamu ya brashi, si sanaa, kwa kuwa kazi yake ni kuwasilisha maneno tu. Okakura alimjibu. Alionyesha kwamba manufaa ya kitu hayakifukuzi kitu hicho katika sanaa, na kwamba kuipima sanaa ya nchi moja kwa mizani ya nchi nyingine ni kuipunja kabla ya kuipima. Msomaji wa Kiswahili anayekumbuka hati za tenzi za kale za Lamu na Pate, au maandishi ya kanga, ataona kwamba mjadala huo ungeweza kabisa kufanyika kwetu.

Mfano wa pili ni neno nihonga, yaani uchoraji wa Kijapani. Neno hili lilipata nguvu baada ya uchoraji wa rangi za mafuta kutoka Ulaya kuingia nchini. Awali kulikuwa na shule na koo za wachoraji, kila moja na jina lake; hakukuwa na haja ya jina la wote kwa pamoja mpaka alipotokea mwingine wa kulinganishwa nao. Sisi pia tunao ushahidi wa jambo hilo. Istilahi ya ushairi wa kimapokeo ilienea katika uhakiki wa Kiswahili baada ya mashairi huru kutokea, hasa Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974. Malenga wa kabla ya hapo hakuwa mwanamapokeo; alikuwa malenga tu. Mapokeo hupewa jina siku yanapokutana na mpinzani.

5.0 Nara, Horyuji na sheria ya mwaka 1897

Katika miaka ya 1880 Wizara ya Elimu iliwatuma Fenollosa na Okakura kukagua mahekalu ya Kyoto na Nara na kuorodhesha mali zake. Safari inayosimuliwa zaidi ni ile ya hekalu la Horyuji, ambayo kwa masimulizi ya Fenollosa ilifanyika mwaka 1884. Ndani ya jengo la pembe nane liitwalo Yumedono kulikuwa na sanamu iliyofungwa kwa vitambaa virefu na ambayo haikuwa imeonwa na mtu kwa muda mrefu sana. Watawa walikataa kuifunua, wakihofia tetemeko la ardhi. Wageni wale walikuwa na barua ya serikali, na mwishowe kufuli lilifunguliwa. Vitambaa vilipoondolewa ilionekana sanamu ya mbao yenye rangi ya dhahabu, ya karne ya 7, ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa hazina kuu za Japani.

Kisa hiki kinaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa upande mmoja ni ushindi wa elimu. Kwa upande wa pili, mwiko wa watu wenye imani yao ulivunjwa kwa amri ya ofisi. Okakura alikuwa upande wa ofisi, na wasifu wa haki hauna budi kulisema hilo. Hata hivyo, zoezi la kuorodhesha lilikuwa na faida ambayo haikuonekana mara moja: kitu kilichoandikwa katika daftari la serikali ni vigumu kutoweka kimyakimya.

Wakati huohuo mali nyingine zilikuwa zimekwisha kuondoka. Mwaka 1886 Fenollosa aliuza mkusanyo wake wa michoro kwa tabibu tajiri wa Boston, Charles Goddard Weld, kwa sharti kwamba uwekwe katika Jumba la Sanaa la mji huo. Humo mlikuwamo mchoro mrefu wa kukunjwa wa karne ya 13 unaoonyesha shambulio la usiku katika kasri la Sanjo, ambao hadi leo uko Boston. Mtu yuleyule aliyewahimiza Wajapani waipende sanaa yao ndiye aliyeihamisha. Hatusemi kwamba aliiba: alinunua kwa fedha zake, na hakukuwa na sheria ya kumzuia. Kasoro ilikuwa hapo hasa, kwamba hakukuwa na sheria.

Sheria ilipatikana mwaka 1897. Ilihusu uhifadhi wa majengo na mali za mahekalu ya kale, na Okakura alikuwa mjumbe wa kamati ya serikali iliyoshughulikia suala hilo. Serikali ilipewa uwezo wa kuvitangaza vitu maalumu kuwa hazina za taifa, kuzuia visiuzwe, na kutoa fedha za kuvikarabati. Hata hivyo sheria hiyo haikugusa mali ya watu binafsi. Mwaka 1932 Jumba la Boston lilipata mchoro mashuhuri wa safari ya waziri Kibi kwenda Uchina, na mwaka uliofuata Japani ikalazimika kutunga sheria nyingine. Sheria ya msingi inayotumika hadi sasa ni ya mwaka 1950.

6.0 Shule ya Sanaa: kupanda na kuanguka

Mwaka 1886 serikali iliwatuma Fenollosa na Okakura Ulaya na Marekani kuchunguza jinsi sanaa inavyofundishwa huko. Waliporudi mwaka 1887 Shule ya Sanaa ya Tokyo ilianzishwa, ikafunguliwa kwa wanafunzi mwaka 1889, na mwaka 1890 Okakura akawa mkuu wake akiwa na umri wa miaka 27. Fenollosa alirudi Marekani mwaka huohuo kuwa mtunzaji wa idara ya sanaa ya Kijapani katika Jumba la Boston. Kwa hiyo mwaka 1890 ni mpaka: mwalimu mgeni aliondoka, na mwenyeji akabaki na shule.

Mtaala wa Okakura ulikuwa wa kishupavu. Mwanzoni shule ilifundisha uchoraji wa Kijapani, uchongaji wa mbao na ufundi wa madini. Uchoraji wa Kizungu haukupewa nafasi mpaka mwaka 1896. Mafundi wazee ambao kazi zao zilikuwa zimekosa soko waliajiriwa kuwa maprofesa. Walimu na wanafunzi walivaa sare iliyobuniwa kwa kufuata mavazi ya zama za Nara, na mkuu mwenyewe alionekana akienda kazini juu ya farasi akiwa amevaa vazi hilo. Wapo waliomcheka. Hata hivyo, katika shule hiyo Okakura alitoa mihadhara ya historia ya sanaa ya Japani ambayo huhesabiwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa kutolewa na Mjapani kwa mpangilio wa kitaaluma. Kabla ya hapo, mwaka 1889, yeye na Takahashi Kenzo walikuwa wameanzisha jarida la sanaa liitwalo Kokka, ambalo limeendelea kuchapishwa hadi zama zetu.

Ieleweke kwamba Okakura hakutaka wanafunzi wake wanakili ya kale. Alitaka wayajue ya kale kiasi cha kuweza kuyaendeleza. Wanafunzi kama Yokoyama Taikan na Hishida Shunso walijaribu kuchora bila ya mistari ya wino, wakitegemea ukungu wa rangi kuonyesha hewa na mwanga. Wahakiki waliwashambulia na kuubatiza mtindo huo jina la dhihaka lenye maana ya ukungu. Shutuma zilitoka pande mbili: wapenzi wa ya Kizungu walimwona Okakura kuwa ni mtu wa kurudi nyuma, na wapenzi wa ya kale walimwona kuwa ni mharibifu. Mjadala wetu wa ushairi nao uliwahi kuwaweka watu mahali hapo pa katikati, palipo na lawama nyingi kuliko pengine popote.

Mwaka 1898 alianguka. Wapinzani wake wizarani na shuleni waliungana dhidi yake, na mambo yalizidishwa na habari za uhusiano wake na mke wa Kuki Ryuichi, mkubwa wake na mfadhili wake wa siku nyingi. Alijiuzulu, na walimu kadhaa wakajiuzulu pamoja naye. Mwaka huohuo walianzisha chuo chao wenyewe, Nihon Bijutsuin, katika mtaa wa Yanaka, Tokyo. Maisha ya chuo hicho yalikuwa ya dhiki. Baadaye Okakura alikihamishia Izura, pwani ya mkoa wa Ibaraki, ambako mwaka 1905 alikuwa amejijengea kibanda cha pembe sita juu ya miamba ya bahari.

7.0 Kutoka India hadi Boston

Kati ya mwaka 1901 na 1902 Okakura alikaa India, akakutana na Swami Vivekananda na kufanya urafiki na ukoo wa Tagore. Matunda ya safari hiyo yalikuwa kitabu The Ideals of the East, kilichochapishwa London mwaka 1903. Mwaka 1904 alifika Boston akaanza kazi katika jumba lilelile lililokuwa na mikusanyo ya Fenollosa na wenzake, na mwaka 1910 akawa mkuu wa idara ya sanaa ya Uchina na Japani. Vitu vilikuwa maelfu, na vingi vilikuwa na majina yasiyo sahihi. Okakura alivichambua kimoja kimoja, akatenga vya asili na vya kughushi, akatayarisha orodha. Mkalimani wa zamani sasa alikuwa mwenye mamlaka.

Kwa namna hii Boston ikawa shule. Langdon Warner, kijana wa Harvard ambaye baadaye alifundisha sanaa ya Asia katika chuo hicho, alikwenda Japani kujifunza chini ya uongozi wa Okakura. Mwaka 1911 Harvard ilimtunuku Okakura shahada ya heshima. Elimu iliyokuwa imetoka Harvard kwenda Tokyo mwaka 1878 sasa ilikuwa ikirudi Harvard ikiwa imebadilika sura, na anayefundisha alikuwa Mjapani.

Jambo moja linastahili kuangaliwa na sisi wa Ruvuma. Mwezi Mei 1905 Japani iliyashinda manowari ya Urusi katika bahari ya Tsushima. Mwezi Julai mwaka huohuo Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi, na miezi michache baadaye vikawa vimefika Ungoni. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi wa Kingoni hapa Songea. Mwaka huohuo, 1906, kitabu cha Okakura kiitwacho The Book of Tea kilichapishwa New York. Ndani yake alikihoji kwa kejeli kipimo cha ustaarabu kilichoipa Japani heshima kwa sababu ya ushindi wa vita, ilhali sanaa zake za amani hazikuwa zimeipatia heshima hiyo. Hatuna sababu ya kudhani kwamba habari za Songea zilimfikia. Lakini dunia aliyokuwa akiikosoa ndiyo iliyosimamisha vitanzi vile.

Afya yake ilizorota, akarudi nyumbani, akafariki Septemba 2, 1913, huko Akakura, akiwa na umri wa miaka 50.

8.0 Tathmini

Wasifu usiotaja kasoro ni sifa tu. Okakura ana kasoro tatu ambazo mtafiti hana budi kuzizingatia.

Kwanza, vitabu vyake vitatu vikuu vyote aliviandika kwa Kiingereza. Aliitetea sanaa ya Kijapani kwa lugha ambayo Wajapani wengi wa wakati wake hawakuisoma, na umaarufu wake nyumbani kama mwandishi ulikuja baada ya tafsiri. Utetezi wa utamaduni kwa lugha ya kigeni huwafikia haraka wale wasiouhitaji, na kwa kuchelewa wale wenye utamaduni wenyewe.

Pili, wazo lake la umoja wa Asia lilichukuliwa baada ya kifo chake, katika miaka ya 1930 na 1940, na kutumiwa kuhalalisha uvamizi wa nchi jirani. Yeye mwenyewe hakuwa na hatia ya vita hivyo, lakini katika The Awakening of Japan, kilichochapishwa mwaka 1904, aliitetea sera ya Japani juu ya Korea kwa hoja zilezile ambazo wakoloni wengine walizitumia. Aliyeujua uchungu wa kudharauliwa hakusita kuwadharau wengine.

Tatu, alimaliza maisha yake akizitumikia nje ya nchi mali ambazo zingeweza kubaki ndani. Wengine wamemlaumu kwa hilo. Sisi tunaliona tofauti: palipokuwa na vitu ndipo palipohitaji mjuzi, na ujuzi wake uliirudishia Japani haki ya kuvieleza hata pale ambapo haikuweza kuvirudisha.

Upande wa pili wa mizani una uzito zaidi. Shule aliyoiongoza iliunganishwa mwaka 1949 na shule ya muziki na kuwa chuo kikuu cha sanaa cha taifa mjini Tokyo. Bijutsuin iliendelea kuwa jumuiya ya wachoraji. Kibanda cha Izura kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Ibaraki wakati tsunami ya Machi 11, 2011 ilipokisomba, na mwaka 2012 chuo hicho kikawa kimekijenga upya. Mtu hufa, taasisi ikiwa hai hujua la kufanya bahari inapochukua.

9.0 Hitimisho: maana kwa Songea

Turudi kwenye swali la msingi. Songea leo ina Makumbusho ya Majimaji na kaburi la pamoja la mashujaa. Ina pia dai ambalo halijapata jibu kamili, la mabaki ya Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake na ambaye wazee wa Kingoni wanaeleza kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha. Baada ya msamaha hufuata kazi: kutafuta, kutambua, kuorodhesha, kujadiliana. Kazi hizo ni za vyuo vikuu, na zitafanywa kwa ushirikiano na wageni, tupende tusipende.

Maisha ya Okakura yanatupa vipimo vinne vya ushirikiano huo. Cha kwanza ni orodha. Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, lakini sheria hulinda kile kinachojulikana kuwa kipo. Daftari la ngao, mikuki, vinyago, ala za muziki na vyombo vya nyumbani vya Wangoni, Wamatengo, Wayao na Wandendeule linapaswa kuandikwa na wanafunzi wetu, vijijini, kabla halijaandikwa na mnunuzi.

Cha pili ni istilahi. Neno letu sanaa lina asili ya Kiarabu, na linabeba maana ya kazi ya ustadi. Je, ngolo ya Mmatengo ni sanaa, ni ufundi au ni kilimo tu? Kingoni na Kimatengo vina maneno gani ya kutofautisha mambo hayo? Ni afadhali swali hilo lijibiwe katika idara za Kiswahili na isimu kuliko kungojea jibu lije likiwa limekwisha kutafsiriwa.

Cha tatu ni mkalimani. Katika kila mradi wa pamoja kuna kijana wa hapa anayefasiri, anayewaongoza watafiti kwa wazee, anayesoma visivyosomeka kwa mgeni. Ripoti humtaja, ikimtaja, katika shukrani. Okakura alikuwa kijana huyo, na chuo kikuu kilichompa shahada na serikali iliyompa shule ndivyo vilivyomfanya mkalimani akawa mwanachuoni. Mkataba wa ushirikiano usiomsomesha kijana huyo hadi shahada ya uzamivu ni mkataba wa upande mmoja.

Cha nne ni kurudisha macho. Ikiwa Osaka hufundisha Kiswahili, hakuna sababu ya msingi ya wanafunzi wetu wa uzamili kutoisoma sanaa ya Japani, kuanzia hati ya brashi hadi sheria za uhifadhi, na kuiandikia kwa Kiswahili. Kazi kama hizo hazitakuwa anasa. Nchi ambayo iliona mali zake zikiuzwa kwa bei ya kutupa, ikajitungia maneno, ikajiwekea shule na sheria, na kisha ikawafundisha waliokuwa walimu wake, ina mengi ya kumweleza mtafiti wa Ruvuma anayejiandaa kukaa meza moja na makumbusho ya Berlin. Idara zetu zianze na jambo lililo ndani ya uwezo wao: mada moja ya tasnifu, mwanafunzi mmoja wa kujifunza Kijapani, na daftari moja la vitu vya kijiji kimoja.